Mstari wa Mwisho kwenye Kibao cha Marcjanna

Kama kuna mtu katika kijiji chetu cha Zagrody ambaye hakustahili kukalishwa kwenye meza ya kutunga maneno ya kibao cha kumbukumbu ya Marcjanna Dudek, basi ni mimi, Teofila. Walinikalisha kwa sababu moja tu: wengine wote waliomjua vizuri wako makaburini. Nilipeleka barua hapa miaka thelathini na tano kwa baiskeli, kwa hiyo watu wanadhani najua kila kitu. Na kweli najua. Hilo ndilo tatizo.

Marcjanna alikuwa mjane asiye na mtoto, mfuga mabata bukini, mwanamke mfupi wa maneno machache na mikono mikubwa. Wakati wa vita, Wajerumani walipowamaliza Wayahudi wa mji wa jirani, alimchukua Fajga, binti wa fundi viatu, mtoto wa miaka saba, akamficha kwenye shimo la viazi chini ya banda la mabata. Fajga akakaa humo miezi ishirini na miwili. Mtoto akikohoa, Marcjanna anawachokoza mabata kwa fimbo, wanapiga kelele mpaka anayepita njiani anaziba masikio. Angegunduliwa, angepigwa risasi hapo hapo uani, na alilijua hilo kila asubuhi alipoamka.

Vita vilipokwisha akaja mjomba wa Fajga, mtu pekee aliyebaki katika ukoo mzima, akamchukua. Marcjanna alimfungia mto wa manyoya, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi kulisha mabata. Mimi nilikuwa na miaka minane, nimesimama kwenye uzio na wenzangu, tunashangaa kumbe mle ndani mlikuwa na mtu muda wote ule.

Sasa, miaka zaidi ya sitini baadaye, tulikuwa watatu mezani, ndani ya ukumbi wa kikosi cha zimamoto: mwenyekiti wa kijiji Zenon, mwalimu Grażyna, na mimi. Zenon alikuja ameshaandika.

"Sikilizeni," akasema. "'Marcjanna Dudek, aliyemwokoa mtoto wa Kiyahudi. Kutoka kwa wanakijiji wenzake, wenye shukrani.' Fupi, safi, inaenea kwenye shaba."

"Shukrani ya nani?" nikamuuliza.

"Yetu sote, Bibi Teofila."

"Toa hilo neno."

"Umeanza. Leo umeamkia upande gani?"

"Ule ule wa kila siku. Toa."

Mwalimu Grażyna akatuingilia kati, maana yeye ndiye mpatanishi wetu. Alisema amewasiliana na Fajga, yuko Haifa, huko Israeli, mzima, na ametuma mstari wake mwenyewe anaoomba uwekwe mwishoni. Akavaa miwani, akausoma: "'Alinificha, akanilisha, kisha akanisahau. Mimi sikumsahau.'"

"Hiyo ya kusahau tunaikata," akasema Zenon. "Mtu atafikiri sisi ni watu gani."

Nilijua siku moja haya yatanifika, lakini sikujua yatanifika nimekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya keki ya Grażyna. Nikawaambia kwamba Marcjanna hakumsahau mtoto yule hata siku moja, na kwamba aliyefanya ionekane hivyo ni mimi.

Mwaka wa hamsini na saba nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nimepewa mkoba wa posta juzijuzi, na kichwa kimenivimba. Barua ya kwanza ya Fajga ilifika mwezi wa Januari. Marcjanna hakujua kusoma, basi nikamsomea mlangoni. Mtoto amekua, ameolewa, anauliza habari za mabata. Marcjanna aliificha kifuani, akaniita kwa jina langu la utotoni, "Tosia, hii ni yangu na yako."

Jioni ile ile nilikwenda kuchambua manyoya. Hapa kwetu kila msimu wa baridi wanawake hukusanyika nyumba moja baada ya nyingine, wanazunguka meza, wanatenganisha manyoya laini na vijiti vyake kwa ajili ya mito, na kazi hiyo haiendi bila umbea. Hata kucheka kwa nguvu hamruhusiwi, manyoya yasije yakapeperuka, basi watu wananong'ona, na ukinong'ona unasikilizwa. Mimi nilitaka kusikilizwa. Nikasema Marcjanna ameandikiwa na Myahudi wake kutoka Israeli. Halafu, ili maneno yanoge, nikatia chumvi: bahasha ilikuwa nene, na eti sijui mlikuwa na nini.

Jumapili iliyofuata tulikuwa kanisani, na mabenchi mawili ya wanaume yalikuwa na nafasi wazi. Marcjanna alikuwa amebaki nyumbani na homa. Wanaume hao walimwendea, wakamtaka awaonyeshe dhahabu ya Wayahudi. Walibomoa jiko, wakang'oa mbao za sakafu, na wakamvunja vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja. Dhahabu haikuwepo. Kulikuwa na barua moja, wakaichoma.

"Watu gani hao?" Zenon akauliza.

"Hukuwahi kumuuliza baba yako?"

Akainamisha kichwa. Sikusikia raha kumwambia hivyo, kwa sababu baba yake alifuata maneno, na maneno yalitoka kinywani mwangu.

Barua ya pili ilipokuja, Marcjanna aliipokea kwa mkono wa kushoto, akaipima uzito. "Yuko hai," akasema. "Sasa irudishe. Akizoea kuniandikia, siku moja atakuja kunitembelea, na hawa watamwua njiani." Nilimwomba aniruhusu nimwandikie jibu, hata la siri, nimweleze. "Kwa mdomo wako huo?" akasema. Hakukasirika. Angekasirika ningepona.

Basi nikaandika kwenye bahasha: mpokeaji amekataa. Nikaandika hivyo mara thelathini na moja, kwa miaka kumi. Kila mara aliipima kwanza, akasema "yuko hai", akanirudishia. Barua zilipokoma alikuwa akinisubiri kwenye uzio na kuniuliza kwa macho, na mimi nikitikisa kichwa. Alifariki mwaka wa sabini na moja. Anwani ya Fajga nilikuwa nayo kichwani, na kalamu nilikuwa nayo, na aibu ikanishika mkono miaka mingine karibu arobaini.

Grażyna alikuwa analia. Zenon alisema kwa sauti ndogo, "Bibi, hayo hayaandikiki kwenye shaba."

"Najua. Mpigieni simu."

Walimpigia. Kipolandi cha Fajga kilikuwa kile cha kijijini kwetu, cha zamani, sauti ya mwanamke wa miaka sabini na kitu yenye maneno ya mtoto wa miaka tisa. Nikamweleza yote, manyoya, Jumapili, vidole, uzito wa bahasha. Hakunikatiza.

"Bibi Teofila," akasema, "unajua nilikuwa namwitaje kwenye zile barua?"

Nikamwambia sijui, ni ile ya kwanza tu niliyoisoma, na mle alimwita shangazi.

"Ya kwanza niliona haya. Kuanzia ya pili nilimwita mama. Nilimwomba ruhusa. Iliporudi nikasema, amekataa kuwa mama yangu. Nikaandika tena. Nimekuwa mtu mzima nikiwa na uchungu na mwanamke aliyekuwa ananilinda bado. Utanirudishiaje hayo?"

Nilisema nisamehe, na neno lilitoka dogo. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alimwomba mwalimu afute ule mstari aliotuma, afute na wa mwenyekiti, na aandike haya tu: Marcjanna Dudek, mama wa Fajga.

"Na kijiji kitatajwa wapi?" Zenon akauliza, simu ilipokwisha kukatwa.

"Hakitajwi," nikamwambia, naye hakubisha.

Kibao kiliwekwa mwezi wa Mei. Wageni husimama, husoma, hudhani Marcjanna alikuwa na binti. Aliishi miaka ishirini na sita baada ya vita, na hakuna mtu aliyewahi kumwita mama. Aliitwa mara thelathini na moja, ndani ya bahasha zisizofunguliwa, na mara zote thelathini na moja nilikuwa nimesimama mlangoni kwake, najua kusoma.