Dakika Sita za Mkuu wa Kitivo

Saa mbili asubuhi, na Inas Abdelshafi tayari anagomba. Anayegombezwa ni profesa wa jiografia mwenye miaka sitini na mmoja. Amevaa koti na tai, ameketi wima mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye birika la chai.

"Dakta, unamsomea nani?"

"Nawasomea wanafunzi."

"Wanafunzi wana kitabu. Umewauzia mwenyewe. Hebu kiweke chini, waambie."

"Niwaambie nini?"

"Jangwa, Dakta! Umelala jangwani nusu ya maisha yako. Waambie mchanga unavyotembea, kama unavyonisimulia mimi tukikaa hapa."

Profesa Sabri Ghattas anakifunga kitabu taratibu, kama mtu anayevuliwa shati sokoni. Anakohoa. Anaikodolea macho simu.

"Darasani wananitazama usoni," analalamika. "Nikiwapoteza, najua. Huyu hana uso."

"Nitazame mimi, basi. Mimi nina uso."

"Una uso wa askari wa kituo cha reli, Injinia."

"Vizuri. Utamaliza haraka."

Anaanza. Mara ya kwanza anajiuma ulimi, mara ya pili treni ya kwenda Aswan inapita nje ya dirisha na kummeza. Mara ya tatu anasahau simu. Mikono inapanda, sauti inashuka, na kwa muda mfupi tu mtu anaelewa kwa nini kilima cha mchanga huhama bila kusukumwa na yeyote. Inas anabonyeza kitufe, anavuta kiti, anamwita mhadhiri anayefuata.

Ndiyo kazi yake. Kitivo hiki cha elimu, nje kidogo ya mji wa Girga, kina mamia ya wanafunzi wanaosoma kwa mtandao, wengi wao walimu wa shule za msingi vijijini wanaotafuta shahada. Wahadhiri wao wana elimu ya kutosha, lakini hawajazoea kuzungumza na mtu asiyekuwepo. Wengine hurekodi saa mbili mfululizo wakiwa wameinamisha kichwa, video ikaonyesha upara tu.

Inas, mwenye miaka thelathini na sita, hukaa nao mmoja mmoja. Huwauliza mwanafunzi ajue nini mwisho wa somo, huwakatia mada ndefu ziwe vipande, hutunga nao maswali, hurekodi, kisha huweka masomo kwenye mtandao wa chuo. Si injinia. Alisomea kufundisha kompyuta. Lakini huku kila anayeshika waya huitwa Injinia, naye alishachoka kusahihisha watu.

Ofisi yake ilikuwa stoo ya karatasi za mitihani. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, pauni elfu tano kwa mwezi, ambazo kwa maneno yake "zinaniaga kabla sijazisalimia."

"Watu wanadhani nawafundisha maprofesa kubonyeza vitufe," anasema. "Vitufe hata mama yangu anavijua. Mimi nawasaidia wasiogope. Mtu aliyeheshimiwa miaka thelathini akisimama mbele ya kamera anageuka mtoto wa siku ya kwanza shuleni. Lazima awepo mtu wa kumwambia, haya, rudia, hujaharibu."

Kisha likaja agizo.

Hapa kila kitivo kina Neno la Mkuu. Ukifungua ukurasa wa chuo chochote utamkuta, tai imekaza, nyuma yake bendera, akikukaribisha kwa aya nne ambazo hakuna aliyewahi kuzisoma. Halimdhuru mtu, unalipita tu, kama unavyopita picha ya babu ya mwenyeji sebuleni.

Mkuu mpya, Dakta Hamdi Elwani, hakutaka kupitwa. Aliagiza video. Droni inapaa juu ya jengo na mashamba ya miwa. Wimbo wa kitivo unapigwa, beti zote. Mkuu anashuka ngazi, anafunga kifungo cha koti, anatabasamu, anamshukuru aliye juu yake, kisha aliye juu ya huyo. Dakika sita kamili.

Na agizo likasema video hiyo ikae mwanzoni mwa kila somo. Si mwanzoni mwa muhula wala mwanzoni mwa kozi. Na mwanafunzi asiweze kuiruka.

Kozi ni tano, na kila moja ina masomo kumi na mawili. Piga hesabu mwenyewe. Mwanafunzi mwenye bidii, muhula ukiisha, amemtazama mtu mmoja akishuka ngazi kwa saa sita. Na amezilipia, kwa sababu vijijini watu hawana intaneti ya nyumbani. Wana simu na bando, na bando halijui kutofautisha jiografia na tabasamu la bosi.

Thanaa Bekhit anafundisha darasa la tatu katika kijiji kilicho ng'ambo ya mto. Anasoma juu ya paa, katikati ya kuku, kwa kuwa huko ndiko mtandao unakofika.

"Nilikuwa nimenunua bando la mwisho la wiki," anasimulia. "Mkuu anashuka ngazi. Anashuka. Nikamwambia, baba, shuka basi, kuku wananitazama! Akafika chini, akasema, 'Karibuni wanangu katika safari ya elimu.' Hapohapo simu ikaniambia bando limekwisha."

Anacheka. Kisha anaacha.

"Swali la mtihani lilitoka kwenye somo lile. Nikaacha wazi. Dakta Ghattas akanipa sifuri, na ana haki, hakuona kitu cha kusahihisha. Mume wangu akaniambia, si nilikwambia, achana nayo hiyo."

Alimpigia simu Inas ili kujitoa. Inas akamwomba asubiri, akapanda ghorofani kwa katibu wa Mkuu.

"Injinia," katibu alimwambia, "Mkuu ndiye mlango wa kitivo. Mtu anaingia nyumba bila kupita mlangoni?"

"Mlango gani unaotoza nauli kila unapoingia?"

"Andika barua."

Akaandika. Akaambiwa asubiri. Akasubiri, mfungo ukaingia ukatoka, na Dakta Hamdi bado anashuka ngazi.

Siku ya tatu ya Idi, ofisi zikiwa tupu, Inas alikaa kwenye kompyuta akaondoa dakika sita za mwanzo katika masomo yote sitini.

Alikosea mahali pamoja. Masomo ya Dakta Ghattas yalikuwa yamebandikwa toleo la kwanza la video, ambalo lilikuwa fupi zaidi, kwa hiyo kisu kikaingia ndani ya mhadhara wenyewe. Profesa akampigia kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Injinia, umenikata kichwa! Somo langu linaanza na neno 'kwa hiyo'!"

Siku hiyohiyo Inas alikwenda nyumbani kwake na sinia la basbusa, keki ya semolina iliyolowa shira, akamwambia mbele ya mkewe na wajukuu kwamba amemkosea, kwanza kwa kukata, pili kwa kutomuuliza. Walirekodi upya. Wakati wa kurekodi alimweleza habari za Thanaa na sifuri yake.

Wiki zilizofuata, wanafunzi waliokuwa wakifungua somo na kuliacha walianza kulimaliza. Thanaa hakujitoa. Hakuna ghorofani aliyegundua chochote, jambo linalokuonyesha ni mara ngapi wakubwa wale hufungua masomo ya kitivo chao.

Waligundua walipokuja wageni kutoka Kairo kukagua ubora wa ufundishaji. Dakta Hamdi aliwaketisha ukumbini, akachagua somo lolote, akajisogeza pembeni ya skrini kubwa na mikono yake ameifumbata tumboni, tayari kujitazama.

Akatokea Dakta Ghattas, ameshika konzi ya mchanga.

"Sikilizeni," akasema profesa kwenye skrini. "Mchanga una tabia mbaya. Haukai ulipouweka."

Wageni wakacheka. Wakatazama hadi mwisho. Mmoja akauliza, "Nani anawasaidia walimu wenu? Hii ni kazi nzuri sana." Mkuu akatabasamu kwa meno yote na akasema ni juhudi za uongozi.

Kesho yake Inas aliitwa idara ya sheria. Kosa alilosomewa ni "kuondoa sura ya kiongozi katika nyenzo rasmi." Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Alipewa njia moja: asimame mbele ya baraza la kitivo siku ya Jumapili, ambayo huku ni siku ya kazi, aombe radhi, arudishe dakika sita mahali pake. Akifanya hivyo mkataba wake utaendelea. Akikataa, mwezi huu ndio wa mwisho.

Fikiria jambo hilo. Sifa za wageni zilikwenda ghorofani, na kosa likabaki stoo. Mwalimu wa kijijini akanyimwa somo alilolilipia, na hakuna baraza lililokaa kwa ajili yake hata dakika moja, achilia mbali sita.

Ukimuuliza Inas anataka nini, hazungumzii mkataba kwanza. Anataka chumba kilicho mbali na reli. Anataka kila somo liwe na toleo la sauti tupu, jepesi, kwa wenye simu kuukuu. Wahadhiri wachache sasa hurekodi nyumbani bila yeye, na mmoja amewafundisha wenzake wawili. Anataka wafike hapo wote. "Mhadhiri asiachwe peke yake na simu," anasema. "Nikiondoka, wataachwa."

Hilo analijua hata Dakta Ghattas. Alhamisi jioni anabisha hodi nyumbani kwa Inas, ametumwa na wakubwa wa ghorofani. Mama yake Inas, Hajja Fathiya, anamletea chai nzito, sukari vijiko vitatu. Profesa anaipokea, anaiweka mezani, anaondoa mkono.

Hajja anashtuka. Mgeni asiyegusa chai amekuja na ombi, na hanywi mpaka akubaliwe.

"Sinywi," anasema profesa. "Mpaka binti yako aniambie ndiyo."

"Dakta, usinifanyie hivyo nyumbani kwa mama," Inas anasema.

"Neno moja. Sema ulikosea utaratibu. Utaratibu tu! Hamdi anahitaji kitu cha kushika mbele ya watu."

"Ashike kishikio cha ngazi zake."

"Inas!" mama anafoka. "Mtu mzima huyo."

"Utaratibu nilikukosea wewe, Dakta, nikaja kwako nikakwambia. Sikungoja kuitwa. Thanaa amekosewa. Nani amekwenda kwake?"

Profesa anakitazama kikombe.

"Mimi ndiye niliyempa sifuri."

"Ndiyo."

"Jana nimempa mtihani mwingine. Amefaulu vizuri." Anapangusa miwani. "Ukiondoka, nitarudi kusoma kitabu. Najijua. Nitakaa mbele ya kile kidude nisome kitabu, na wao watasinzia. Fanya kwa ajili yangu basi, kama hutaki kwa ajili yako."

"Hilo ndilo wanalotegemea. Wamekutuma wewe kwa sababu wanajua nakupenda."

"Chai inapoa, wanangu," anasema Hajja Fathiya, na sauti yake ina machozi, maana kodi ya nyumba hii inalipwa na stoo ile.

Inas anaushika mkono wa mama yake, kisha anamgeukia profesa. Hapandishi sauti, na waliozoea kumsikia akigomba wanajua hiyo ni mbaya zaidi.

"Unywe au usinywe, Dakta, karibu sana. Jumapili nitakwenda. Nitasimama mbele ya baraza, nitasema dakika sita nilizikata mwenyewe, kwa mkono wangu, na wakizirudisha nitakata tena. Radhi siombi."