Milembe na Mkwewe Kwenye Baraza la Wodi

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025. Mvua ilinyesha Bariadi usiku kucha, na asubuhi mawingu yalikuwa bado yamekaa.

Milembe Magese wa Sapiwi alikuwa amelala chali wodini kwa wiki ya pili. Mwanamke huyu hakuwa na mazoea ya kulala. Tangu aachwe mjane, hapakuwa na harusi wala msiba kijijini ambao yeye hakusimamia sufuria kubwa ya chakula. Kwenye harusi moja ndipo figa moja la jiko lilipoteleza, maji ya moto ya ugali yakammwagikia mapajani.

Ndugu waliokuja kumwona walimsihi jambo moja: "Tulia, mayu, mama yetu, usijisumbue." Naye akatulia kweli. Hata kukaa alikataa.

Asubuhi hiyo nesi Violeth alimshika vigimbi vya miguu, kimoja baada ya kingine.

"Miguu haijavimba bado," alisema. "Lakini mama, mwili ulioungua damu yake huganda upesi, na ukilala tu ndiyo unaisaidia kuganda. Donge likianzia mguuni, likapanda mpaka kwenye mapafu, unaweza kutuondokea hapa hapa tukikuangalia."

"Si mnanichoma tumboni sindano ya kuzuia hilo kila siku?"

"Sindano inafanya kazi yake. Miguu nayo ifanye yake. Asubuhi nitakushika mimi utembee. Mchana na jioni, nani?"

Binti yake Kija alikuwa na kichanga nyumbani. Aliyekuwepo ni mume wa Kija, Dastan, ambaye alikuwa akikaa nje chini ya dirisha, akipitisha chakula kwa mkono wa mtu mwingine. Kwao mkwe na mama mkwe hawashikani, hata kutazamana usoni ni aibu.

"Afadhali nife na heshima yangu," alisema Milembe.

"Ukifa, heshima hiyo nani ataivaa?" aliuliza Esteria wa kitanda cha pili, mkono wake umefungwa bandeji hadi begani. "Mimi hainitoshi!"

Wodi ikacheka. Milembe hakucheka. Aliitazama miguu yake chini ya shuka, na kwa mara ya kwanza akaiogopa.

Sauti ikatoka dirishani, ya Dastan aliyegeuka upande wa pili. "Mayu, ninayo fimbo ya kuchungia. Shika ncha moja, mimi nitashika nyingine. Nitatangulia, sitageuka."

Milembe akamwambia Violeth amteremshe kitandani.

Jioni ile walitoka barazani: Dastan mbele, macho kwenye lango, fimbo nyuma yake, Milembe akifuata huku ameuma meno kwa maumivu ya mapaja.

"Angalieni ng'ombe wa kulimia huyo!" Esteria akapiga kelele.

"Ng'ombe wa kulimia hupumzishwa!" Milembe akajibu, jasho likimtoka. "Mkwe, punguza mwendo."

"Nimepunguza, mayu."

"Punguza tena. Lakini usisimame."

Walifika mwisho wa baraza, wakarudi.

Kesho yake asubuhi, kabla uji haujaletwa, Milembe aliteremsha miguu mwenyewe, akakaa ukingoni mwa kitanda hadi kizunguzungu kikaisha. Akagonga nondo za dirisha, akatoa salamu ya asubuhi.

"Mwangaluka, mkwe. Lete fimbo."