Ya Hii Inaingia Ile

Kabla sijajua kusoma nilikwisha kujua kwamba baba yangu ni mtu anayeulizwa. Watu walifika nyumbani kwetu Mbuba na chuma kilichofungwa kwenye gunia, wakakilaza kibarazani, wakaamkia shikamoo, wakangoja. Simu zilipoenea wengi waliacha kuja, wakawa wanapiga, lakini swali lilibaki lilelile: ya hii inaingia ile? Beringi ya pikapu yenye taa za duara inaingia kwenye ile yenye taa za mraba? Propela ya gari refu ikikatwa na kuchomelewa, inaingia kwenye fupi?

Pikapu nyingi za zamani zinazotembea Ngara na Biharamulo zililetwa wakati wa kambi za wakimbizi. Kambi zilipofungwa pikapu hizo ziliuzwa kwa mnada, kila moja na aina yake, na hakuna duka la huku linaloweka spea zake halisi. Gari moja huishi kwa viungo vya jingine lililokwisha kufa. Kwa hiyo mtu anayejua kipi kinakubaliana na kipi huwa na heshima ambayo hakuna cheti kinachoweza kuitoa. Nasema hivyo nikiwa na vyeti.

Baba alitofautisha kuingia na kukaa. Kifaa kinaweza kuingia, bolti zikakubali zote, na bado kisikae. Yaani kikafungwa mahali pake bila kufanya kazi yake. Ndiyo maana majibu yake yalikuwa na neno moja katikati, karibu kila mara. Inaingia, lakini uchonge bushi. Inaingia, lakini uongeze washa. Inaingia, lakini usithubutu kubebea mzigo. Nilipokuwa sekondari nilimtania kwamba hajui kusema ndiyo. Akasema ndiyo tupu ni ya kanisani siku ya ndoa, na hata huko padri huuliza kwanza kama kuna pingamizi.

Nilirudi nyumbani kuandika tasnifu yangu ya uzamili, inayohusu udongo wa mashamba ya migomba. Baba ndiye aliyenipeleka Nyabusozi kuchukua sampuli, kwa pikapu yake ya taa za duara, na katika safari hizo ndipo nilipoanza kusikia mapengo katika maneno yake. Magari aliyajua kwa Kiswahili. Kihangaza, lugha tunayoizungumza nyumbani, hakina jina la difu wala la giaboksi, na maisha yake yote alikuwa akihamia Kiswahili kila alipofungua boneti. Sasa alianza kusema “kile kitu”. Kisha akaanza kukaa kimya palipohitaji neno, mkono wake ukizunguka hewani kana kwamba unalifungua. Siku moja aliniagiza Biharamulo nikamtafutie kabureta. Pikapu yake ni ya dizeli. Haijawahi kuwa na kabureta. Nilisimama pale na fedha mkononi, nikipima kama ni mzaha, kama anazungumzia gari la mtu mwingine, kama ni mimi nisiyejua. Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Alisema tu, “Mzee, hilo gari la kabureta uliliuza kabla huyu hajazaliwa.” Baba akacheka, nasi tukacheka.

Baadaye tulimpeleka hospitali. Daktari alituambia kwa upole, na bila kuzungukazunguka, kwamba usahaulifu wa namna hii haurudi nyuma.

Hata hivyo simu ziliendelea, na majibu yake mengi yalikuwa sahihi. Jambo hili ndilo lililonichanganya zaidi. Angeweza kusahau kwamba amekunywa chai, kisha akaeleza kwa ukamilifu kwa nini krosi za propela za pikapu mbili zenye kipimo kimoja hazibadilishani. Nilijenga nadharia juu ya hilo, kama tunavyofundishwa: kwamba maarifa ya mikono yamehifadhiwa mahali pengine, na usahaulifu huu hautafika huko. Nadharia hiyo niliitaka iwe kweli, na nilipaswa kuitilia shaka kwa sababu hiyohiyo.

Kisha akaja fundi kutoka Biharamulo. Huyu alijifunza kazi kwa baba tangu ujana, sasa ana gereji yake, na ndiye aliyepiga simu kuliko wengine wote. Hakuwa mtu wa kuja bila kutoa taarifa. Alifika kwa pikipiki, akamwamkia baba, wakataniana kama kawaida yao. Baba alimwambia mikono yake bado ni ya kukamua ng'ombe, naye akajibu kwamba ng'ombe hao angalau wanatoa maziwa, si kama gari la mzee linalotoa moshi. Baba alipokwenda kuoga, fundi alihamishia kigoda chake karibu nami na mama.

“Dada, nilimuuliza masta silinda ya breki. Ya pikapu ndogo kwenye ile kubwa.”

“Akasemaje?”

“Alisema inaingia. Na kweli imeingia. Bolti zilikaa kama zimezaliwa pale.”

“Hakusema ‘lakini’?”

“Nilingoja,” alisema. “Nilikaa na simu sikioni nikingoja. Akaniuliza habari za watoto.”

Gari hilo lilikuwa la mfanyabiashara wa ndizi wa Nyantakara. Liliposhuka mteremko likiwa na mzigo, pedeli ya breki ilizama hadi sakafuni. Dereva alishusha gia, akalipandisha kwenye ukingo wa udongo, likalala ubavu. Mama mmoja aliyekuwa ameketi juu ya ndizi alivunjika mkono. Hakuna aliyekufa. Fundi aliirudia sentensi hiyo, kisha akasema kwamba mwenye gari amemwambia kosa ni lake, la fundi, na yeye amekubali.

“Jina la mzee halijatajwa,” alisema. “Na halitatajwa. Lakini mimi siwezi kumuuliza tena, dada. Nitakuwa nachezea maisha ya watu.”

Mama aliuliza jambo moja tu: “Sasa msipompigia, atakuwa nani?”

Nilijiuliza kama kumwondolea simu ni kumlinda au ni kumzika. Niliwaza kumwambia ukweli, nikawaza kwamba ukweli huo ungemuumiza leo na kusahauliwa kesho, na kwamba huenda maumivu yangebaki baada ya sababu yake kupotea. Niliwaza pia kuhusu mkono wa yule mama. Kila upande wa mizani ulikuwa na mtu. Fundi ndiye aliyetatua, kwa njia ambayo siku ile niliiona ya huruma tupu: yeye na wenzake wangeendelea kupiga, lakini wangeuliza mambo wanayoyajua tayari. Akijibu sawa, wamshukuru. Akikosea, wamshukuru. Gari lolote lisiguswe kwa neno lake.

Tulikubali. Kwa muda ilikuwa nyumba yenye furaha ya ajabu. Simu ililia kuliko zamani. Baba aliiweka kwenye sauti kubwa, maana masikio nayo yalikuwa yanachoka, akajibu akiwa amenyooka kwenye kiti kama mtu anayesoma somo la kwanza kwenye misa. Mama alianza kumpikia anachokipenda. Nami nilirudi kwenye tasnifu yangu, nikaandika kurasa kuhusu uchachu wa udongo, nikisikiliza kwa sikio moja wanaume wazima wakimuuliza baba yangu maswali ya uongo.

Alasiri moja tulikuwa nje, yeye na mimi, tumelivua gurudumu la mbele la pikapu ili tuitie beringi grisi. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi vifundoni. Simu ikalia, nikaipokea kwa niaba yake, nikaiweka juu ya boneti. Alikuwa yule fundi wa Biharamulo.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Leo nini kimekushinda?”

“Nati za magurudumu, mzee. Za taa za duara zinaingia kwenye taa za mraba?”

Baba aliacha kupaka grisi.

“Unauliza nati.”

“Ndiyo, mzee.”

“Nati nilikufundisha kabla hujaruhusiwa kushika jeki.”

“Nimesahau, mzee.”

“Kusahau ni kazi yangu. Wewe baki na yako.” Aliisogelea simu. “Gari liko mbele yako?”

“Liko.”

“Ligonge gurudumu kwa spana, nisikie.”

Upande wa pili pakasikika kiti kikivutwa, kisha mlio mwembamba wa chuma.

“Hiyo ni sufuria,” baba alisema.

Mtu mwingine kule gereji alicheka, akajizuia.

“Ina chakula bado, au mmemaliza?”

“Kimebaki kidogo, mzee.”

“Maliza kula, mwanangu.”

Hakuwahi kumwita mwanangu. Aliikata simu mwenyewe kwa kidole chenye grisi, akaifuta kwa upande safi wa kitambaa, akanirudishia. Kisha akauliza, akitazama ekseli iliyokuwa wazi, si mimi:

“Nani amekufa?”

Nilimwambia hakuna aliyekufa. Alisema fundi haachi kuuliza maswali ya kweli bila sababu, na sababu ni moja tu. Nimekaa mbele ya maprofesa wakipangua hoja zangu, lakini sijawahi kuona hoja ikijengwa kwa usafi ule, kutoka kwa nati hadi kwa maiti, na mtu ambaye asubuhi ile alikuwa amevaa viatu vya jozi mbili tofauti. Nikamwambia kuhusu mteremko. Nikamwambia kuhusu mkono.

“Kifaa gani?”

“Masta silinda. Ya pikapu ndogo kwenye kubwa.”

“Nikasema inaingia.”

“Ulisema inaingia, baba.”

Akafumba macho, mkono ukaanza kuzunguka hewani, na safari hii ukalipata alilolitafuta. Alisema bolti ni zilezile, ndiyo, lakini pistoni ya ndogo ni nyembamba, haisukumi mafuta ya kutosha kujaza breki za gari kubwa. Ukikanyaga mara moja pedeli inazama, ukipampu inarudi, na fundi anayeijaribu uani bila mzigo anaweza kudanganyika. Kwa hiyo inaingia, lakini haikai, na asiyeweza kupata ya gari lenyewe aliegeshe mpaka aipate. Alieleza yote, bila kukosa neno hata moja la Kiswahili. Lilikuwa jibu kamili, la mtu niliyemjua. Mwenye kulihitaji, yule mama, alikuwa Nyantakara, na mkono umefungwa.

“Waambie wasinipigie,” alisema.

“Baba, wanapenda kukusikia.”

“Waambie.”

Niliwaambia. Siku ya Jumapili, baada ya misa, nilimpeleka Nyantakara kumpa pole yule mama. Mimi ndiye niliyeendesha. Alinipa ufunguo bila kuombwa, na njiani hakunirekebisha hata nilipokosea gia. Mama yule alitupokea vizuri, akatuandalia chai kwa mkono mmoja. Baba alimwambia kwa Kiswahili kilichonyooka, “Mimi ndiye niliyesema kifaa kile kinaingia.” Yeye akajibu kwamba ajali ni ajali, mzee, karibu chai. Sijui kama alimwelewa. Sijui kama ilimsaidia baba kwamba hakueleweka.

Mafundi walilitii ombi lake. Simu ilinyamaza kabisa, na wiki haikupita kabla hajasahau kwamba ni yeye aliyeinyamazisha. Alianza kuibeba mfukoni, kuichaji ikiwa imejaa, kunitaka niangalie kama ina salio, ingawa kupigiwa hakuhitaji salio. Akaniuliza mbona watu hawampigii.

Mara ya kwanza nilimwambia ukweli wote, kwa sababu niliamini kwamba ni haki yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ileile na uso uleule wa siku ya sufuria, kama kuna aliyekufa, nami nikaona ile “lakini” yake ikipanda tena kutoka mbali, nzima, sahihi, bila mtu wa kumpa.

Sikuweza kumfanyia hivyo mara ya pili. Alipouliza tena nilijibu kwamba hawapigi kwa sababu magari yote ni mazima.

Alinigeukia. “Pikapu za zamani,” alisema, “Ngara na Biharamulo, zote nzima kwa pamoja?”

“Ndiyo, baba.”

Akaitoa simu mfukoni, akaiweka juu ya goti, akaendelea kuitazama. Mama aliita kutoka jikoni kwamba chakula kiko tayari. Baba akasema tutangulie, yeye atakuja. Huenda kuna mtu anataka kuuliza.