Vitufe Tisa vya Dada Zulfa

Msimu wa pamba, Nyalikungu yote ilinuka mashudu. Harufu ile nzito ya mbegu zilizokamuliwa mafuta iliingia madukani ikalala kwenye majora ya vitenge ya Mzee Rajabu, jirani yetu, na mimi nikiinusa hadi leo namkumbuka binti yake, Zulfa. Alikuwa amerudi nyumbani kujifungua, masomo ya kompyuta ameyaacha katikati huko chuoni Mwanza, na mtaani ilishasemwa kwamba huyo harudi tena. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nangoja matokeo. Mama akanituma nikamsaidie kubeba mtoto.

Mtoto akilala, Zulfa alifungua kompyuta yake mkekani, nyuma ya duka. Siku moja nilimwuliza kama ule mchezo tuliouchora mchangani kwa kijiti, wa miraba tisa, mmoja akiweka X na mwingine O hadi mtu apange tatu, ungeweza kuingia humo. Alinisogezea kompyuta. “Kila mraba ufanye kitufe,” alisema. “Halafu ukiambie kifanye nini kikibonyezwa. Kisipoambiwa, hakijui.” Sikuwa nimewahi kugusa kompyuta. Nilitafuta herufi mojamoja kama mtu anayechambua mchele, naye akinielekeza kwa mdomo tu. Kitufe cha kwanza kilipotii, nilicheka mpaka mtoto akaamka.

Vingine nilivinakili kutoka kile cha kwanza, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nibonyeze chochote, X ilitokea kwenye pembe ileile ya juu. Nilihangaika mpaka machozi yakanilengalenga, nikamwomba anitengenezee. Kwake ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Badala yake alimpakata mtoto, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akaniambia nijifanye mimi ndiye kitufe cha katikati, nisome maelekezo yangu kwa sauti. Nikasoma. Nikasikia kwa masikio yangu mwenyewe kwamba vitufe vyote nilikuwa nimevipa namba ya mraba wa kwanza.

“Umeona?”

“Nimeona, dada.”

Uso wake uling'aa kana kwamba yeye ndiye aliyegundua.

Mchezo ulipokamilika, Mzee Rajabu aliingia baada ya swala ya alasiri kuchukua jora la kitenge, akatukuta tukicheza. Hakuwa mtu wa kukaa na watoto, lakini siku hiyo alichuchumaa, akataka kucheza nami. Alipoona namzidi, alibonyeza mraba ambao tayari ulikuwa wangu. Haukubadilika. Akabonyeza tena. Zulfa alimweleza kwamba mimi, Kabula, nimekifundisha kitufe kikatae mraba uliokwisha kuchukuliwa.

“Na Kabula amefundishwa na nani?”

Zulfa aliinamisha macho, kwa hiyo nikajibu mimi. “Na dada Zulfa. Hajagusa hata herufi moja.”

Mzee alimtazama binti yake kama aliyefika nyumbani dakika ile. Kisha akasema polepole, “Mtoto atabaki na mama yako. Muhula ukifunguliwa, panda basi.” Zulfa alilia, nami sikujua nitazame wapi.

Alirudi, akamaliza, na sasa ni mwalimu. Mimi niko Bariadi, natengeneza programu za maduka. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu huiomba simu iwaandikie mchezo kama ule, nao unakuwa tayari kabla chai haijapoa, tena mzuri kuliko wangu. Siwalaumu, nami naitumia simu hiyohiyo. Ila sisi tulikuwa na kompyuta moja yenye betri mbovu, na mwanamke aliyechoka, ambaye angeweza kunimalizia kazi akajilaza kidogo, lakini akachagua kunisubiri. Programu nilizoandika tangu hapo ni nyingi, na nyingine zimenilipa vizuri. Subira ile bado sijaipata. Kijana akikwama, vidole vyangu hukimbilia kibodi kabla yeye hajafikiri.