Gasore Awafungulia Wakwe Pembeni

Ukitaka kumjua Gasore, mpe meza yenye vikombe. Popote alipoketi, nyumbani kwake Buffalo au kwenye mkahawa wa Grant Street, alivikusanya vikombe vya watu, chai ikiwa bado imo, akavipanga kuonyesha ulinzi katika futiboli ya Kimarekani: wanne mbele, watatu nyuma yao, wanne wa mwisho. Kisha alivigonga kwa kidole viwili vya ukingoni.

"Hapa njo kuko kazi. Pembeni ikifungwa, mwenye mupira atarudia katikati, na katikati beko batu," alisema kwa Kiswahili cha kwao Kongo, yaani katikati wako watu.

Chai ya watu ikapoa.

Mchana alikuwa mfunga maboksi katika kiwanda cha Tonawanda. Jioni alikuwa kocha, na filimbi yake aliivaa hata kanisani. Kocha mkuu, Mmarekani mpole aliyependa mashambulizi tu, alimwachia ulinzi wote wa timu ya watoto. Tusimnyime haki yake, kazi aliijua. Alichunga ng'ombe utotoni katika milima ya Kivu Kusini, na mchungaji hujua kwamba kundi hupotelea pembeni. Mwaka huu timu yake ilibakiza mchezo mmoja, ugenini dhidi ya Columbus. Wakishinda, wangekwenda mashindano ya Louisville, na watoto waliitaja Louisville kama watu waendao Kanaani.

Balaa ni kwamba mkimbiaji wa Columbus, Elisée, alikuwa kitinda mimba wa mzee Gatsinzi wa Gahanna, kitongoji cha Columbus, na kaka yake Elisée alikuwa amemchumbia Uwera, binti wa Gasore. Kwa desturi yao, anayeomba mke ndiye anayeinama, baba wa binti akae abembelezwe. Gasore aliigeuza desturi kichwa chini. Gatsinzi alikuwa na nyumba kubwa na sauti kubwa kanisani, basi Gasore akasema wakwe wasichoke barabarani, posa izungumzwe kwao Gahanna, jioni ileile ya mchezo. Uwera alimwomba baba yake jambo moja tu: wasimwachishe kazi yake ya kutunza wagonjwa. Gasore akaapa kwa jina la Mungu.

Kipindi cha kwanza Buffalo waliongoza. Kila Elisée alipojaribu pembeni, alimkuta Kagabo, mtoto mfupi mwenye mabega, akaangushwa chini. Kwenye kiti chake kando ya uwanja, mzee Gatsinzi alifyonza. Uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele, lakini Gasore alisikia fyonzo lile moja.

Wakati wa mapumziko akawaita Kagabo na mwenzake wa upande wa pili.

"Bon, sikieni. Muingie ndani kidogo. Ule mutoto ni mukwe. Mukwe, hatumuangushake."

"Lakini kocha, ulisemaka pembeni ifungwe," Kagabo akasema.

"Donc njo weye kocha?"

Elisée akapita pembeni kama mtu anayekwenda dukani. Akapita tena. Mchezo ulipokwisha, kocha mkuu aliuliza kumetokea nini, na Gasore, bila haya hata chembe, akajibu kwamba watoto wamechoka. Kagabo alilia bila kuvua kofia yake ngumu. Wa kwenda Louisville wakawa Columbus.

Jioni Gasore alikaa sebuleni kwa Gatsinzi akingoja shukrani. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Gasore, ulinzi yenu ni nyumba bila mulango!"

Angejibu nini? Kusema kwamba alimwachia mtoto wa watu ashinde ni tusi, na kunyamaza ni kukubali. Akacheka naye, mnyonge yule.

Gatsinzi akaendelea, maana mlango ulio wazi nani asiingie. "Donc, Uwera ataacha ile kazi. Atakaa hapa, atunze mama yangu."

Watu wote wakamgeukia Gasore. Baba wa binti huketishwa kwenye kiti kile kwa ajili ya neno hili moja, amsemee binti yake.

"Hakuna shida, mukwe," akasema Gasore.

Uwera, aliyesafiri na baba yake, alikuwa anaweka vikombe mezani. Akavipanga mbele ya baba yake, wanne, watatu, wanne, bila haraka. Kisha akavitoa viwili vya ukingoni, akavisukuma ndani.

"Baba, na miye umebafungulia pembeni yangu?"

Gasore akashika filimbi yake. Uwera akamgeukia Gatsinzi, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa.

"Papa, kazi yangu siachi. Mukinitaka, mutakuja Buffalo kuniomba, sawa desturi inavyosema. Na mutanikuta miye nasimama kwa mulango, sababu baba yangu hawezi kuulinda."