Tulipunguza Sauti kwa Miguu

Enzi zetu, safari ya kutoka Kitale hadi Rukanga ilimaliza chapati zote za mama: basi mpaka Nairobi, gari la moshi mpaka Voi, kisha nyuma ya lori, nyusi zimejaa vumbi jekundu. Nyanya wa huko Rukanga alikuwa amevunjika mguu. Baba, dereva wa trekta, alibaki Kitale kazini, nasi tungekaa mpaka nyanya atembee. Nyanya akatembea, mvua zikaja na kupita, bado tuko chini ya mlima Kasigau tukila kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe, na kuchunga mbuzi. Maisha yalikuwa matamu, ila dada yangu Wakesho aliuliza kila jioni, "Baba atakuja kutuchukua lini?"

Aliye mbali alitumiwa kaseti iliyorekodiwa salamu. Nyanya alikuwa na redio-kaseti, na betri zake tulizianika juani zipate nguvu. Mama alisalimia kwanza, halafu ikawa zamu yetu kuimba. Wakesho alitaka wimbo wetu uishe kama nyimbo za redioni, sauti ikididimia polepole mpaka isisikike. Tukazungusha kidude cha sauti, tukapunguza, tukapunguza. Kusikiliza, tunapiga kelele vilevile! Basi akaamua tujipunguze wenyewe: tuimbe huku tukirudi kinyumenyume, mpaka kwenye ua wa mkonge na kupita.

"Mnawaimbia nani huko, mbuzi?" nyanya akauliza. Mama akamziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Mimi nilirudi hadi mwiba wa mkonge ukanipata makalioni, na ubeti sikuuacha.

Kaseti ya Baba ikaondoka na dereva wa lori wa Maungu.

Leo Mwadime, mtoto wa Wakesho, hupunguza sauti za nyimbo kwa kompyuta hapa Voi. "Anko, unavuta tu hii laini chini," ananiambia, na kitini hainuki. Sauti inashuka laini kama mafuta. Nampongeza, maana ni kazi safi. Ila nimezunguka miji mingi, nimesikia nyimbo nyingi zikiisha hivyo, na sijaona mtu akifunga safari kwa sababu yake.

Baba alifunga. Alitokea mchana, bila taarifa, shati limeganda jasho. "Nimesikia watoto wanaenda, wanaenda, halafu kimya," akamwambia mama. "Chakula kikanishinda. Nikasema hawa nawafuata."

"Lakini Baba, tulikuwa tu tunarudi ny—"

Nyanya akamfinya Wakesho, akamnong'oneza. "Nyamaza wewe! Akijua, ataondoka peke yake."

Jumamosi nyanya alitufungia ndizi, akatusindikiza hadi kwenye pikapu ya kwenda Maungu, fimbo mkononi. Sikurudi kuishi Rukanga tena. Mama alikaa mbele na dereva. Baba alipanda nyuma nasi, juu ya magunia ya pojo, mkono mmoja umeshika kola yangu, mwingine kola ya Wakesho. Kasigau ilibaki nyuma na hakuna aliyegeuka kuitazama. Tulikuwa tunamtazama yeye.