Wiki Mbili za Mbwa wa Imelda

Mudathir Shekue alikuwa mpima ardhi mkoani Tanga kwa miaka ishirini na mbili. Alikuwa mtu wa kusema neno likafuatwa. Akichimbia kigingi mahali, mpaka ulikuwa hapo, na majirani waliogombana miaka kumi walirudi makwao kimya. Kisha mkewe Zulekha akapata kazi katika ofisi moja ya kimataifa mjini Brussels. Mudathir akaomba likizo bila malipo, akamfuata. Kwenye nyumba waliyopanga mtaa wa Uccle, yenye bustani ndogo kwa nyuma, akajikuta mtu wa nyumbani. Alipika, alitoa mifuko ya taka kwa siku zake na kwa rangi zake, alimngoja fundi wa boila ya kupasha nyumba joto aliyeahidi kuja saa nne na akaja saa tisa. Yeyote aliyetaka jambo lifanyike mchana alijua kwamba Mudathir yupo.

Ndivyo mbwa alivyokuja. Ilikuwa Alhamisi, mwanzoni mwa Desemba, wakiwa mezani.

"Imelda anakwenda Bukoba," Zulekha alisema. "Mama yake anaumwa. Ana kambwa kadogo, hana wa kumwachia. Wiki mbili tu. Nimemwambia sawa."

"Umemwambia sawa, na nani atakaa naye?"

"Si upo?"

Mudathir aliweka kijiko chini. Imelda alikuwa mfanyakazi mwenzake Zulekha, mama mkarimu, na mgonjwa ni mgonjwa. Mtu akikataa hapo anaonekana mbaya. Akakishika tena kijiko.

"Ila ndani haingii," Zulekha aliongeza. "Tunaswali humu."

Hilo halikumpa tabu. Kwao Pongwe mbwa hakuwahi kuulizwa analala wapi.

Jumamosi Imelda akamleta: jike la wiki kumi, rangi ya kahawia, mwenye nyayo kubwa kuliko mwili, jina lake Kahawa. Aliacha mfuko wa chakula na blanketi moja. "Hana shida huyu, kaka," alisema akiwa ameshashika kitasa cha gari. "Kwangu analala popote."

Kibanda Mudathir alikijenga mwenyewe, kwa mbao za vichanja vya kubebea mizigo alivyoomba dukani. Alipima, akasawazisha kwa pima maji, akakiinua juu ya matofali ili unyevu usipande. Alikifanya kikubwa, mbwa mzima angeweza kujinyoosha humo, na mlango akauelekeza jikoni ili amwone mnyama akiwa anakatakata vitunguu. Zulekha alikitazama akasema kimependeza. Kwa siku tano hivi Mudathir alikuwa mtu mwenye furaha.

Kisha baridi ikashuka chini ya sifuri, ikakaa hukohuko.

Maji ya bakuli yaliganda. Aliyavunja asubuhi, akayavunja adhuhuri, akayavunja alasiri. Kahawa alilia tangu alfajiri, kilio chembamba kisichokwisha, na Mudathir akitoka alimrukia na kumlamba mikono na suruali. Mudathir alilelewa kwamba ulimi wa mbwa ukikugusa unapaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Udongo wenyewe bustanini ulikuwa mgumu kama sakafu ya saruji. Ilibidi achimbe kwa nyundo, ajaze ndoo na kuiweka gereji ili uyeyuke. Alitenga suruali ya mbwa, koti la mbwa na viatu vya mbwa. Kila alipotoka alibadilisha nguo, kila aliporudi alibadilisha tena, na siku nyingine adhuhuri ilimkuta bado anajiosha.

Na kila mtu alikuwa na ushauri. Zulekha alisema aongezewe blanketi la pili, akaondoka kwenda kazini. Imelda alituma ujumbe wa sauti kutoka Bukoba: mama bado, anaongeza wiki, na tafadhali asipewe wali. Wiki iliyofuata akatuma mwingine kama huo, wali ukiwemo. Halafu kulikuwa na dirisha la Madame Myriam, bibi wa miaka themanini na nne aliyeishi nyumba ya pili. Bibi huyo hakutoka nje tena, lakini aliona kila kitu. Maneno yake yaliletwa uani na Maman Kasoki, mama Mkongo wa Butembo aliyekuja kila asubuhi kumwogesha na kumpikia.

"Papa Mudathir," Kasoki alisema siku moja kutoka upande wake wa ua, "madame anasema ule mutoto ya imbwa iko nalia sana. Anasema kama hamumuingize mu nyumba, ataita police."

"Mwambie si mbwa wangu, maman."

"Nilishamwambia. Anasema, bon, sasa ni ya nani? Iko kwako."

"Na mke wangu hataki aingie ndani."

Kasoki alimtazama kidogo. "Donc kila muntu iko na maneno, na weye njo uko inje na baridi."

Alikuwa mtu wa kwanza kuliona hilo. Hata hivyo Mudathir alirudi ndani amekasirika. Jumapili iliyofuata alimwambia Zulekha kwamba gereji ina boila, ina joto, haina zulia wala msala, basi mbwa akae humo. Zulekha alisema gereji ina mlango wa kuingilia jikoni, kwa hiyo gereji ni nyumba. Mudathir akasema kwa hesabu hiyo hata barabara ni nyumba, kwani nayo inafika mlangoni. Mbwa akabaki nje.

Jumanne ya pili ya Januari, baada ya theluji ya siku nzima, Mudathir aliswali alfajiri akatoka na birika la maji ya uvuguvugu. Hakusikia kilio. Alifikiri, angalau leo. Alipofika kwenye kibanda na Kahawa hakutoka, aliinama kuchungulia. Upepo ulikuwa umeingiza theluji mpaka nyuma kabisa. Mablanketi yote mawili yalikuwa yamelowa kisha yakaganda, magumu kama maboksi, na mbwa alikuwa amejikunja juu yake bila kutetemeka.

Alimvuta nje kwa mikono miwili. Hakuwa amevaa suruali ya mbwa wala koti la mbwa. Alimtia kifuani, akafunga zipu ya koti lake safi, akaingia gereji na kukaa chini karibu na boila. Alikuwa mwepesi kuliko alivyomkumbuka. Moyo wake ulikuwa unapiga, lakini polepole, kama mtu anayegonga mlango bila kutarajia kufunguliwa.

Alipomsikia Kasoki akifungua geti la jirani, alimwita. Kasoki alikuja na mataulo mawili ya Madame Myriam, akamkuta Mudathir amejaza beseni maji ya moto.

"Apana, papa. Maji ya moto apana. Hata muntu mwenye amekamatwa na baridi hatumutie mu maji ya moto, moyo inaweza kusimama. Umukaushe kwanza. Pole pole."

Walimkausha, wakamfunga kwa taulo, wakaweka chupa ya maji ya uvuguvugu iliyovikwa soksi ubavuni mwake. Wakangoja. Ilipita kama nusu saa, ndipo Kahawa alipoanza kutetemeka kwa nguvu, meno yakigongana.

"Sasa ni muzuri," Kasoki alisema. "Mwili inakumbuka." Akasimama akapangusa magoti. Madame alikuwa hajapata chai yake, na bila shaka alikuwa dirishani.

Daktari wa wanyama alikuwa binti wa umri wa mwanafunzi. Alimpima Kahawa: digrii thelathini na tano na kitu, wakati alitakiwa kupita thelathini na nane. Alieleza bila kuinua macho. Mtoto wa mbwa wa umri huu hawezi kulinda joto lake mwenyewe. Kibanda kikubwa hakipati joto, kinatakiwa kidogo kiasi cha mbwa kujigeuza tu. Kitambaa hunywa maji, ndani huwekwa majani makavu. Mlango hugeuzwa mbali na upepo. Na kwa baridi kama hii hata hayo yote hayatoshi, mbwa mdogo anaingizwa ndani.

"Nani alimweka nje, monsieur?"

Kumjibu vizuri kungehitaji kuanzia Bukoba, na Kifaransa cha Mudathir hakikufika Bukoba.

"Mimi," alisema.

Alimpigia Imelda simu akiwa bado chumba cha kungojea. Imelda alilia. "Nje? Kaka, ulimweka nje? Kwangu analala kitandani."

"Ulisema analala popote."

"Si ndiyo, popote. Kitandani, kwenye kochi."

Mudathir aliisogeza simu mbali na sikio, akaitazama, kisha akamwambia taratibu kwamba mbwa atapona.

Zulekha aliporudi saa kumi na mbili jioni, Kahawa alikuwa ndani ya boksi gereji, chini ya boila. Mudathir alimweleza yote, pamoja na koti. Zulekha alisikitika, akainama kumtazama, lakini akabaki mlangoni. Alisema haoni vibaya kumhurumia mnyama, anataka tu kujua kama wanakosea. Akampigia Mzee Sudi, mtu wa Pangani aliyekaa Brussels miaka thelathini na kufundisha watoto Kurani siku za Jumamosi. Aliweka simu kwa sauti kubwa.

"Gereji mnaswalia?" Mzee Sudi aliuliza.

"Hapana, sheikh."

"Mlango wake unafungika?"

"Unafungika."

"Basi mfungieni huko apate joto. Mtoto wa mbwa afie mlangoni kwenu na joto mnalo? Nisalimie Mudathir."

"Ahsante, sheikh. Umetuondolea mzigo." Zulekha alikata simu, uso wake umetulia kabisa. "Umesikia? Gereji haina tatizo."

"Nilikuambia hivyohivyo Jumapili."

"Wewe ulikuwa unapiga kelele."

"Sikupiga kelele," Mudathir alisema, na sasa kweli alikuwa anapiga kelele, hata Kahawa akatoa kichwa kwenye boksi. Mudathir alikwenda kupakua chakula.

Wiki mbili zikawa tisa. Kahawa alilala gereji na mlango ukafungwa. Mchana alitoka mara nyingi kwa muda mfupi, na Mudathir alimfuta nyayo kila arudipo, maana chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu ilimchoma. Kibanda alikibomoa, akageuza mbao kuwa rafu. Madame Myriam aliacha kutishia polisi. Badala yake alituma ujumbe kwamba mbwa anapewa chakula kingi mno.

Katikati ya Februari Imelda alirudi, mama yake amepata nafuu. Alimkumbatia Kahawa, akamnusa, akasema ananuka mafuta ya gari. Alishukuru pia, kwa dhati, na aliacha kahawa ya kwao kilo mbili. Zulekha alimsindikiza mpaka kwenye gari. Mudathir alibaki akifagia manyoya.

Wiki moja kabla ya Pasaka simu ya Zulekha ililia jioni. Alisikiliza, akacheka kidogo, akasema, "Ngoja umuulize mwenyewe," akamkabidhi mumewe aliyekuwa akimenya viazi. Alikuwa Imelda. Siku nne tu, kaka, safari ya kikazi.

Mudathir alichukua kalamu. Aliuliza siku ya kuondoka, siku ya kurudi, na kama asiporudi siku hiyo ni nani atakuja kumchukua mbwa, jina na namba. Aliuliza kwa sasa analala wapi, akataka ajibiwe chumba gani na juu ya nini. Aliandika kila kitu nyuma ya bahasha. Mwisho akasema amesikia, atamjibu kesho.

"Si ungesema ndiyo tu," Zulekha alisema. "Siku nne hizo."

"Kesho," Mudathir alisema, akarudi kwenye viazi vyake.